Nnaalongo Perepetua Nabbosa na Magoti Aliyoyapigania

Waombolezaji wenzetu, Nnaalongo Perepetua Nabbosa, tunayemzika leo hapa Kalungu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Bukomansimbi, akasoma shule ya misheni ya kijijini kwao, kisha akasomea ualimu Masaka na kuhitimu mwaka 1974, na tangu hapo akafundisha madarasa ya chini hadi alipostaafu. Tarehe 7 Januari 1978 alifunga ndoa na Ssaalongo Kalisto Ssebowa, wakajaliwa pacha, Waswa na Nakato, ndipo wakaitwa Ssaalongo na Nnaalongo, yaani baba na mama wa pacha, na baada yao Kizza.

Mwaka 2015 baridi yabisi ilimshika magotini, akashindwa kufika kanisani, jambo lililomuuma kuliko magoti yenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza kwaya. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi. Kemigisha, alimfundisha kuinuka kitini bila kushika kitu, kunyoosha mguu na kutembea kila siku, akimweleza kwamba msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Mwanzoni alilia, mwaka uliofuata alirudi kwenye kwaya kwa miguu yake.

Ndugu waliomkuta akiinuka na kuketi hawakupendezwa. “Ssaalongo, mgonjwa unamchezesha kwata?” aliuliza Ssenga Namubiru, shangazi wa marehemu, naye marehemu akacheka, “Ssenga, kwata hii ndiyo inayonifikisha kanisani, tena kabla yako wewe mwenye magoti mazima!”

Lakini kwa mila yetu, ssenga wa mke akishaamua, mume hapingi. Februari 2022 alimchukua akamuuguze kwake, na huko alipendwa mno, akaletewa chakula mkekani, akaogeshwa, na kila alipotaka kusimama akaambiwa, “Kaa, mwanangu, sisi tupo.” Mumewe alikwenda kueleza habari ya mazoezi, akakaribishwa ndizi kwa mchuzi wa karanga, hakusikilizwa. Aliporudishwa mwezi Novemba, mapaja yalikuwa yamenywea, hakuweza kusimama. Alianza mazoezi upya, akiwa kitandani, lakini nimonia ilimkuta hana nguvu, akafariki tarehe 19 Mei 2023.

Familia inawashukuru madaktari, Bi. Kemigisha, walimu wenzake na kwaya. Inawashukuru pia majirani na ndugu kwa upendo wao, ambao haukupungua hata siku moja, na inawaomba waupunguze kidogo kwa wagonjwa waliobaki: mwenye magoti mabovu aliyeketi mkekani tangu asubuhi asiletewe mto, apewe mkono, ainuke, atembee nasi polepole hadi kaburini.

Nnaalongo, sasa pumzika kwa amani. Kabla ya leo haukuwa wakati wa kupumzika.