Ghala Lililotoka Ndani ya Hadithi za Ngome

Mgeni rasmi, Bi. Gathoni, Afisa wa Maendeleo ya Jamii katika wilaya yetu, naibu wa chifu wetu, Bwana Kipruto, mchungaji wetu, majirani mliotoka Saboti na Kiminini, na nyinyi akina baba mliosimama kule kwenye ua kana kwamba mnapita tu: hamjambo nyote.

KARIBU KWETU

Sisi akina mama wa Kikundi cha Kupukuchua Pamoja tunakushukuru kwa kuja kutufungulia ghala siku hii ya Februari, 1989. Tumesikia barabara ilikusumbua. Hutusumbua na sisi, lakini leo hatukuja kulilia barabara.

Anayekusomea ni Jepkosgei, mzaliwa wa Kapsokwony aliyeolewa hapa. Maneno haya si yake. Tumeyasema sisi, kila mmoja na lake, na katibu wetu Lenah akayaandika. Jepkosgei amepewa karatasi asubuhi hii, na mengi yaliyomo yanamhusu yeye mwenyewe. Akifika mahali anaposifiwa atataka kuruka, tunamjua. Ndiyo maana Lenah amesimama begani pake akifuata mistari kwa kidole.

TULIKOTOKA

Mahindi yakikauka, sisi huenda nyumba baada ya nyumba, tukaketi kwenye turubai na kupukuchua kwa mikono mpaka vidole viote sugu. Mwenye nyumba hutoa chai. Zamani kazi hii ilikwenda kwa masengenyo, na masengenyo yalituletea ugomvi hadi kikundi kikakaribia kuvunjika.

Kisha mzungu mmoja aliyeuza shamba lake upande wa Saboti akapiga mnada vyombo vyake. Edah, mwenyekiti wetu, alikwenda kutafuta sanduku la mbao ili kuku wake wapate pa kutagia. Alilipata, limejaa vitabu. Akavimwaga vitabu kwenye turubai, sanduku akalipeleka kwa kuku.

Siku hizo Jepkosgei alikuwa bado mgeni kwetu, na haongei. Mume wake yuko Mombasa, kazi ya bandarini, na kurudi kwake ni kwa kusikia tu. Aliokota kitabu kimoja, akakifuta vumbi kwa leso, akaanza kusoma chini kwa chini. Edah akamwuliza kinasema nini. Akatuambia kwa Kiswahili, polepole, huku akiona haya. Kumbe ni hadithi ya Ulaya ya kale, ya wafalme na mashujaa wa farasi waliovaa deraya, na ya bibi mmoja aliyeachiwa ngome mume alipokwenda vitani ng'ambo.

Mgeni rasmi, bibi huyo tulimwelewa siku hiyo hiyo. Nani kati yetu hajaachiwa boma? Mume yuko mbali, jirani anasogeza mpaka wa shamba, shemeji anapima ardhi kwa macho. Na huyu mwenzetu akapanda juu ya ukuta akawaambia maadui waziwazi kwamba hatoki. Tulipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia kutoka kwenye sanduku lao.

Tangu siku hiyo tukaweka desturi. Msomaji hapukuchui. Gunia lake tunamjazia sisi.

Hatusemi tulielewa kila kitu sawasawa. Katika kitabu cha pili, shujaa alimpakia binti wa mtawala nyuma ya farasi wake wakatoroka wakapendane. Edah akaweka gunzi chini. "Ati ameenda naye hivyo hivyo, bila ng'ombe?" akauliza. "Hiyo si ndoa. Hiyo ni wizi." Kazi ikasimama. Tukakata shauri la mahari hapo hapo, na Jepkosgei akashurutishwa kuwaingiza ng'ombe kwenye hadithi. Basi sura iliyofuata, baba wa binti akaja na jeshi akidai ameibiwa mtoto. Sisi tukamwona ni mzee mlafi, amekula ng'ombe za watu na bado anataka vita. Jepkosgei alihangaika sana kumsafisha mzee yule, na alipochoka akaangua kicheko. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumsikia akicheka tangu aolewe hapa.

TULICHOFANYA

Mafanikio yetu ni ghala hili, na tunaomba kusema lilikotoka.

Bibi wa ngome alipozingirwa, aliwaamuru watu wote walete nafaka ndani, zikawekwa pamoja nyuma ya mlango wenye makufuli matatu, na funguo zikashikwa na watu watatu tofauti. Adui akakaa nje akingoja njaa iwatoe. Njaa ikamwondoa yeye.

Siku Jepkosgei aliposoma hayo, hakuna aliyecheka. Edah alisema sisi nasi huzingirwa kila mwaka na madalali wa mahindi. Wanajua hatuna pa kuweka, wanajua karo ya Januari inakuja, kwa hivyo wanakaa tu barabarani wakingoja tutoke wenyewe na magunia. Tukaanza kufyatua matofali wiki iyo hiyo. Msimu huu madalali wamekaa barabarani, na sisi hatukutoka.

Utakapofika mlangoni utaona makufuli matatu. Huenda umeambiwa kwamba wazo hili lilitoka kwenye baraza. Kwa heshima zote, lilitoka kitabuni, likapitia mdomoni mwa huyu anayekusomea. Hapo Lenah, angalia vizuri asiruke.

LILILOTUKWAZA

Kabla ya Krismasi, Chemutai, binti wa mmoja wetu, alikataa kuposwa na mwenye trekta. Mshenga wa posa hiyo alikuwa Bwana Kipruto. Tunalisema mbele yake kwa sababu hatupendi kulisema nyuma yake. Alitukuta kwenye turubai, akavikusanya vitabu vyote. "Hii vitabu ndio inaharibu wasichana," akasema. "Kutoka leo huyu mama asisomee wanawake kitu yoyote."

Mgeni rasmi, Chemutai hajawahi kusikia hata ukurasa mmoja. Wakati wote huo alikuwa shule ya bweni kule Bungoma, na alichotaka ni kumaliza masomo yake. Msichana kumkataa mwanamume aliyemzidi baba yake umri, hilo halihitaji kitabu.

Vitabu vimefungiwa kabatini katika ofisi ya Bwana Kipruto. Sisi tulijaribu kuimalizia hadithi wenyewe, kila mtu na mwisho wake, tukagombana kama zamani. Jepkosgei sasa anapukuchua gunia lake mwenyewe, kichwa kimeinama, na amerudia kimya chake cha kwanza. Hicho ndicho kilichotuuma kuliko vitabu.

Amri ilikuwa asisomee wanawake kitu chochote. Leo wanawake ndio sisi tulioketi hapa, na tumemchagua yeye. Hatukuisahau amri, tunaikumbuka vizuri. Lakini tunajua pia kwamba risala mbele ya mgeni haikatizwi.

TUNACHOOMBA

Tulishauriwa tukuombe mashine ya kupukuchua. Tunashukuru, ila hatuitaki. Kelele yake haimwachi mtu asikie neno, tena huendeshwa kwa trekta, na trekta ya hapa mnajua ni ya nani.

Tunaomba vitabu vyetu. Tunaomba vilivyo halali yetu, na tutaendelea kuviomba kwa kila mgeni atakayeketi kwenye kiti hicho.

Hadithi tuliiachia pale bibi wa ngome amesimama juu ya lango, asubuhi ya ukungu, anasikia kwato darajani. Hajui kama ni mume wake anarudi au ni adui. Tangu kabla ya Krismasi amesimama hapo, na sisi pamoja naye. Jepkosgei hasemi, lakini tunajua anamsikilizia nani. Tunataka awe anasoma siku atakapomjua anayekuja.

Jumanne tunapukuchua kwa Edah, nawe umealikwa. Ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa Bwana Kipruto, ambaye ameketi kulia kwako. Mungu akurudishe kwako salama, ailinde nafaka iliyo nyuma ya mlango ule, na ampe kila aliyefungia kitu cha mwenzake moyo wa kukifungua.

Sanduku tumelisugua. Kuku tumeshawahamisha.

Ni sisi, Kikundi cha Kupukuchua Pamoja.

Imesomwa na Jepkosgei, yote, na Lenah ni shahidi kwamba hakuruka mstari.