Chiriku, Sauti ya Muuza Taa

Marehemu, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa mwisho na binti pekee wa baba seremala na mama mkunga. Mama yake, ambaye yuko nasi hapa mbele, husema kwamba watoto wengine aliowapokea walilia wakanyamaza. Huyu alilia, akapumzika, akaendelea. Jina la utani lilimpata kabla hajaota jino.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, alikohitimu mwaka 1992. Katika maigizo ya shule hakupewa kamwe nafasi ya malkia. Alikuwa mjakazi, mpita njia, au mgonjwa. Mwaka wa mwisho aliigiza mgonjwa akafa jukwaani kwa namna iliyomfanya mwalimu wa zamu apande kumshika mkono, kuhakikisha kama mapigo yapo. Nyumbani wote walimsifu isipokuwa mama yake. "Usizoee kulala hivyo, mwanangu," alimwambia. "Kifo hakitaniwi. Ukizoea kukiita kwa mchezo, siku kikija chenyewe nani atajua?"

Baada ya miaka kadhaa ya kusoma matangazo redioni, mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza michezo ya video, ghorofani juu ya duka la vioo. Chumba cha kurekodia kilizungushiwa magodoro makuukuu ili sauti za barabarani zisipenye. Shangazi, kama tulivyomwita sisi watoto wa kaka zake, alivua bangili, hereni na viatu mlangoni, akaingia peku. Humo ndani alifanya kazi ambayo wengi wetu hatukuielewa: alikuwa sauti ya wahusika wadogo, wale ambao mchezaji huwakuta njiani, akazungumza nao mara moja, kisha wakafa ili shujaa apate hasira ya kusonga mbele.

"Shujaa akianguka, anaamka palepale alipoangukia," alitueleza. "Muuza maji akianguka, basi, imetoka. Mchezaji anauruka mwili wake kama jiwe."

Aligombana sana na mwongozaji wake kuhusu watu hao.

"Huyu mama hana hata jina," Shangazi alimwambia siku moja.

"Jina la nini, dada? Anakufa sura ya pili."

"Na wewe utakufa sura mojawapo. Tukufute jina leo?"

Mwongozaji, ambaye yupo hapa, anakiri kwamba jina lilipatikana siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yake ambayo kazini iliitwa kumwinua. Kila aliporekodi kifo cha mtu, hakutoka chumbani mpaka amempa mtu huyo sentensi moja ya kesho yake, kwa sauti ya mzima. Muuza maji alisema, "Kesho natoka mapema, ndoo imeanza kuvuja." Askari wa lango alisema, "Kesho namnyoa mwanangu, amekuwa kama kondoo." Sentensi hizo hazikuingia kwenye mchezo wowote. Mwanzoni fundi sauti alizima mitambo mara tu kifo kilipokwisha. Baadaye akazoea kuiacha na kusubiri. "Simwachi mtu chini," Shangazi alisema.

Tarehe 16 Desemba 2000 alikuwa amefunga ndoa na mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache ambaye alisema nyumba ilikuwa na mzungumzaji wa kutosha. Walijaliwa binti na kijana. Mazoezi ya kazi aliyafanyia jikoni, na mwanzoni majirani walikuja mbio wakidhani anauawa. Baadaye ukawa utani wa uani.

"Jirani, leo umekufa mara ngapi?"

"Mbili tu. Ya tatu nimeiahirisha, nina nguo za kufua."

Tulicheka sote. Mama yake peke yake hakucheka.

Mwaka jana kampuni ilianza mchezo kuhusu mji ambao jua lake linafifia. Shangazi alipewa Muuza Taa, mwanamke anayekohoa kidogo kila shujaa anaporudi mjini, mpaka siku shujaa anamkuta amelala kando ya meza yake. Mwezi Agosti, walipokuwa wakirekodi sura ya kwanza, mwongozaji alisimamisha kazi. "Dada, kikohozi kimezidi. Bado tuko mwanzoni."

"Hicho sikukiigiza," Shangazi alisema.

Hospitalini iligundulika kwamba mapafu yake yalikuwa yamekakamaa. Alipewa dawa ya kuvuta na kuonywa asikae peke yake. Aliendelea na kazi. Mwezi Februari alirekodi kifo cha Muuza Taa, lakini kikohozi kilimshika, akatolewa chumbani kabla hajamwinua. Jambo hilo lilimsumbua kuliko ugonjwa. "Yule mama yuko chini," aliwaambia watu wa nyumbani, hata katikati ya chakula. Fundi sauti akaahidi kumfuata nyumbani na kinasa sauti, Jumanne ya tarehe 11 Machi.

Familia imeomba kilichotokea siku hiyo kisemwe wazi, ili minong'ono ikome. Binti yake alikuwa ametoka kidogo kwenda kuchukua dawa. Fundi sauti alipofika, jirani alikuwa akianika nguo.

"Yuko ndani?"

"Yuko, anakufa. Msubiri amalize."

Fundi sauti aliyajua maadili ya kazi yake: msanii akianza, mlango haufunguliwi. Alisimama kwenye kizingiti bila kutikisika, na jirani akaacha kukung'uta nguo asije akaharibu. Walisikia kikohozi, kisha pumzi, kisha kimya. Fundi anasema hakuwahi kusikia kazi safi kama ile. Akasubiri sentensi ya kesho, iliyokuja siku zote. Kimya kiliporefuka ndipo alipojua, akausukuma mlango.

Daktari amesema hata wangeingia mapema wasingeweza kumrudisha. Jirani yetu, fundi wetu, hatuna neno nanyi. Mlimheshimu kama alivyotufundisha sote kumheshimu.

Muuza Taa hakuinuliwa. Mwongozaji ameamua hakuna mwingine atakayempa sauti, na kesho ya Muuza Taa aliijua Shangazi peke yake. Mchezo utatoka hivyohivyo. Vijana mtakaoucheza, mkimkuta kando ya meza yake, msimruke.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka wawili, na wapwa na wajukuu wa ukoo ambao wote aliwasemesha mpaka wakasema.

Kesho ya Shangazi tunaijua. Asubuhi ile alimwambia binti yake, "Kesho naenda kwa fundi cherehani. Gauni la mama limekaa mwezi mzima, na nisipopiga kelele halitoki." Jumatano binti alikwenda. Hakupiga kelele. Gauni lilitoka, na mama yake Shangazi amelivaa hapo alipokaa.

Chiriku, tumekuinua. Sasa pumzika kwa amani.