Mluzi wa Kombo na Ng'ombe Aliyefufuka

Miaka thelathini ya kuwachunga ng'ombe wa Bwana Nasor hapa Bagamoyo imekwisha Ijumaa hii ya Mfunguo Tatu, mwaka 1887. Kombo anaweka fimbo chini. Alianza ana nywele na meno yote. Anaondoka na kipara, na pengo moja mbele. Pengo msilicheke. Lina kazi yake.

Ule ukame wa juzijuzi nani kausahau? Majani yaliisha mpaka Makurunge, kisima cha Bwana Nasor kikawa kinatoa tope. Bwana akataka ng'ombe wote wabaki uani kwake, awaone kwa macho. Kombo akasema mifugo ikikaa pamoja hufa pamoja. Akawatawanya kama wafanyavyo wafugaji wa bara: huyu Zinga, wale Kaole, mwenyeji anywe maziwa, naye amtafutie mnyama majani.

"Ng'ombe wangu karanga hawa, uwagawe kwa kiganja?" Bwana Nasor alifoka. "Akipotea hata mmoja, Kombo, na wako watatu nawachukua!"

Hao watatu ndio mali yake yote.

Mvua ikanyesha, wakarudi wote ila Bi Arusi, aliyewekwa kwa Muhidini wa Zinga. Tukamfuata. Muhidini akatupokea kwa kilio: Bi Arusi kafa, ngozi yake hii hapa. Ngozi yenyewe ya mbuzi! Bwana Nasor akamgeukia Kombo.  Kombo akapitisha pumzi penye pengo, akapiga mluzi wake wa kuitia ng'ombe. Jikoni chungu kikavunjika, Bi Arusi huyo, mlango wa makuti shingoni.

"Subhanallah, kafufuka!" akasema Muhidini, wala hakuona haya.

Tulicheka, Bwana Nasor naye akashika mbavu. Kisha wakatoka watoto wa Muhidini, wembamba kama njiti, vifuu mkononi, wakingoja maziwa. Kicheko kikakatika. Kombo mwenyewe ndiye aliyeomba Bi Arusi aachwe pale mpaka mahindi yakomae, na Bwana akaridhia.

Mrithi wake, Sharifu, ni hodari, ila meno yake yametimia. Akipiga mluzi, ng'ombe wanatafuna tu. Wazee tumejitolea kumng'oa moja. Tangu hapo haonekani.

Ahsante, Kombo. Nenda kwako Kaole na ng'ombe wako watatu, Mungu akupe afya na uji laini. Maisha mema tunakutakia, ila tafadhali, ukifika huko usipige mluzi. Bagamoyo nzima tutalala bila maziwa.