Altaneta Nne za Fundi Florian Ndunguru wa Mbinga, 1948–2017

Baba Paroko, wazee wetu, mama zetu, mafundi na madereva mliofika kutoka milimani na kutoka ziwani, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na poleni sana. Anayewasomea ni Hedwiga, binti yake wa kwanza, kwa niaba ya familia, na tunawaomba radhi mapema, kwa kuwa marehemu aliagiza ukurasa wa makosa yake usirukwe, akisema historia zote alizowahi kuzisikia makaburini ni za watakatifu, naye alikuwa anatamani kujua wale wengine huwa wanazikwa wapi.

Marehemu Florian Mansuetus Ndunguru alizaliwa Litembo tarehe 4 Mei 1948, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Mansuetus Ndunguru na Mama Kunigunda, na kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Florian, hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Litembo kuanzia mwaka 1956, kisha shule ya kati hadi mwaka 1963, ambako anakumbukwa kwa kuifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone kinachogonga ndani, akachapwa, halafu akaitwa tena kuifunga kwa sababu hakupatikana mwingine aliyejua kuifunga. Kati ya mwaka 1965 na 1967 alijifunza umeme wa magari katika karakana ya misheni.

Mwezi Februari 1968 aliajiriwa Mbinga, kwenye karakana ya chama cha ushirika, kutunza umeme wa malori ya petroli yaliyobeba kahawa, na tarehe 22 Septemba 1973 alifunga ndoa takatifu na Ottilia, mama yetu, wakajaliwa watoto sita, watano tuko hai, na wajukuu kumi na wanne. Betri za malori yale zilichajiwa na dainamo inayozungushwa na injini, na fundi aliyemtangulia alimrithisha kipimo kimoja cha haraka, kwamba injini ikiwa inaunguruma unachomoa kichwa kimoja cha betri, ikizimika, dainamo haichaji, ikiendelea, dainamo ni nzima, rudisha kichwa chako, nawa mikono. Kwa miaka ishirini na tatu kipimo hicho hakikumwangusha hata mara moja.

Tarehe 30 Juni 1991 karakana ilipunguza wafanyakazi, marehemu akafungua kibanda chake karibu na soko la Mbinga, na hakukaa bila kazi, maana soko huria lilikuwa limefika, wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia mmoja baada ya mwingine, wakaleta pikapu zilizotumika kutoka Japani. Humo ndani hamkuwa na dainamo, mlikuwa na altaneta, chombo chepesi cha kuchaji betri, chenye vipande vidogo viitwavyo diodi, vinavyouelekeza umeme upande mmoja. Marehemu alizipenda altaneta kama mtu anavyompenda mgeni mwenye hadithi, akazipima kwa mkono ule ule aliopimia dainamo.

Tarehe 9 Agosti 1994, mfanyabiashara wa kahawa aitwaye Wilfred alileta pikapu iliyokuwa ngumu kuwaka asubuhi, ikiendeshwa na Nathanieli, kijana wa Kihagara, kule ziwani, aliyekuwa na miezi mitano kazini. Marehemu aliukuta mkanda wa feni umelegea, akaukaza, akachomoa kichwa cha betri, injini ikaendelea kuunguruma, akatamka kwamba altaneta ni nzima. Siku tatu baadaye pikapu ilirudi ikivutwa kwa kamba, betri imekufa, altaneta haitoi kitu, na Wilfred alipouliza imekuwaje, marehemu alijibu mbele ya watu, "Hii siyo niliyoipima mimi." Kila aliyekuwepo alielewa kwamba dereva ameuza nzima na kufunga mbovu, na Nathanieli alifukuzwa pale pale, akarudi Kihagara na jina la mwizi.

Kabla ya Krismasi yalirudi magari mengine mawili kwa namna hiyo hiyo, na madereva wawili wakafukuzwa kwa neno lile lile. Marehemu, aliyeamini kabisa kwamba mji umeingiliwa na genge, aliamua kulinasa, akawa anachora msalaba kwa msumari kwenye ganda la kila altaneta aliyoikuta nzima, ili ikibadilishwa ijulikane. Mama yetu alimtazama jioni moja akinoa msumari, akamuuliza, "Baba Hedwiga, wezi wote hao, mbona wanaiba kwako tu?" Usiku huo hakula vizuri.

Tarehe 20 Februari 1995 ilirudi altaneta ya nne, imekufa kama wenzake, na ilipogeuzwa msalaba wake ulikuwepo, mstari mmoja mrefu kidogo kuliko mwingine, vile vile alivyouchora. Haikuwa imebadilishwa. Marehemu alimwambia mwenye gari asimguse dereva wake, akafunga kibanda siku mbili, akaifungua altaneta kwenye meza ya jikoni, akakuta diodi zimeungua, na sasa akataka kujua ni nani aliyeziunguza.

Alinunua altaneta nzima kwa pesa ya mbolea, jambo ambalo mama hajalisahau mpaka leo, akaifunga kwenye injini kuukuu nyuma ya nyumba, akaweka mita, ikasoma volti kumi na nne. Akachomoa kichwa cha betri, akarudisha, mita ikasoma kumi na nne, akachomoa mara ya pili, bado kumi na nne, na mara ya tatu mshale ulishuka hadi kumi na mbili, ukaendelea kushuka. Akatafuta nyingine, akaiua na hiyo, kwa kuwa moja huenda ikawa bahati mbaya. Mama anasema alipiga makofi kwa furaha ya kujua, kwamba bila betri umeme wa altaneta huruka ghafla, hauna pa kutulia, ukaunguza diodi, zingine papo hapo, zingine baada ya siku mbili tatu barabarani, halafu akakaa chini kwenye majani ya kahawa, mikono kichwani, akaona aibu kubwa. Kipimo chake ndicho kilichoua altaneta zote nne.

Alianza kwa Wilfred, akiwa na zile altaneta kwenye kikapu, naye Wilfred alimsikiliza, akasema amekwisha kuajiri dereva mwingine. Jumapili tarehe 12 Machi 1995, yeye Mkatoliki wa Litembo aliingia kanisa la Waanglikana Kihagara, akaomba nafasi wakati wa matangazo, akainua altaneta mbele ya waumini na kusema kwamba Nathanieli hakuiba, mwizi ni mkono huu. Ila mama yake Nathanieli, Marselina, hakuwepo kumsikia, kwa sababu alikuwa hajakanyaga kanisani tangu Agosti kwa aibu, ikabidi marehemu aende nyumbani kwake, arudie yote, mkanda, betri, diodi, mpaka mama yule akasema, "Basi baba, mimi umeme siujui, lakini neno nimelisikia," akamwekea ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani. Nathanieli alitoka nje, hakula naye.

Miaka miwili Nathanieli hakumwamkia. Mwaka 1997 alifika kibandani na gari la tajiri mwingine, akasema altaneta ipimwe kwa mita, na akasimama kando ya betri mpaka kazi ilipokwisha. Hivyo ndivyo walivyopatana, hawakutumia maneno mengi zaidi ya hayo, na miaka hii Nathanieli akiendesha lori la makaa ya mawe la mgodi wa Ngaka, hakuna aliyemshikia altaneta ila marehemu.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2015, akatibiwa hospitali ya Litembo, na safari nyingi alipelekwa na Nathanieli. Alifariki Jumanne tarehe 19 Septemba 2017, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliochota maji na kupasua kuni, na mafundi wenzake mliofunga vibanda leo.

Ni desturi kuuliza nani anamdai marehemu. Dereva wa tatu, marehemu alimtafuta, akampata Songea mwaka 1996, wakamalizana. Wa pili hakumpata, na jina lake hakuliuliza siku ile, alijua tu kwamba aliendesha pikapu nyeupe iliyoleta usipa Mbinga, Novemba 1994, na kwamba alifukuzwa akilia. Alimtafuta miaka ishirini na miwili. Kama yupo hapa hatumwombi ajitokeze, na kama yuko mbali, anayemfahamu amfikishie, kwamba fundi amekiri na kwamba yeye hakuiba.

Baba, ulilotutuma tumelisema. Upumzike kwa amani.