Mwalimu Tuliyemtenga

Ndugu zangu wazazi, mwangaluka. Nimeomba kusimama mbele yenu kwa sababu kisasi changu kiliwaumiza watoto wenu, na wa kwangu pia.

Mnakumbuka mwalimu mkuu alivyotukuta. Watoto wanashinda na njaa, na pamba ikipasuka madarasa yanabaki na madawati matupu. Akataka kila kaya ilete mahindi ya chakula cha mchana, na anayemzuia mtoto kusoma aitwe kwa mtendaji wa kijiji. Wa kwanza kuitwa nikawa mimi, maana mjukuu wangu wa kike alikuwa shambani akichuma pamba. Nikakalishwa kwenye benchi kama mwizi wa mbuzi. Mimi, niliyesoma sekondari!

Nikaapa atanikoma. Nikapita nyumba kwa nyumba nikisema anatudharau, nanyi mkakubali tumtenge. Asisalimiwe, asiuziwe maziwa, akiugua asibishiwe hodi. Akaugua kweli, na nawaambia, siku hizo chakula kilikuwa kitamu kwangu. Mwishowe akahama, na walimu wengine wakamfuata.

Matokeo ya darasa la saba yakaja: sisi ndio wa mwisho wilayani. Mjukuu wangu, yule mliyekuwa mkimwita awasomee ujumbe wa simu, alifeli. Hakulia. Aliniuliza tu, "Babu, umeshinda?"

Nikafunga safari hadi Nkoma alikohamia mwalimu, nikamwambia nitatoa ng'ombe wa faini, wazee wamle kama ilivyo desturi, kijiji kimwondolee kutengwa arudi.

"Faini hulipwa na mkosaji," akasema. "Mimi nilikosa nini, mzee?"

"Hukukosa, mayu, mama yangu."

"Basi hiyo faini ni yako. Na kosa utalisema mwenyewe, mbele ya walewale. Nyama wataila wanafunzi. Mzee yeyote asionje hata utumbo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Yule pale ameketi. Asante, mwalimu, kwa kurudi, na kwa kumfundisha mjukuu wangu jioni ili afanye mtihani tena. Asante, mjukuu wangu, kwa swali lile. Nilichojifunza ni hiki: ukimkomoa mwalimu, anayefeli ni mtoto wako.

Wenzangu mliochochea moto pamoja nami, siwataji. Naona mlivyoinama, inatosha. Wapishi, nyama imeiva. Anzeni na darasa la kwanza. Sisi wazee tukae hapahapa, tunuse.