Sauti ya Wade Colter

OTTAVIO: Haloo? Nani mwenzangu?

QUIRINO: Ni mimi, Quirino. Niko Almeria bado, huku tulikopigia filamu, hospitalini.

OTTAVIO: Ndugu yangu! Pole. Mguu vipi?

QUIRINO: Plasta mpaka kiunoni. Yule farasi alinilalia mzimamzima. Wanao hawajambo?

OTTAVIO: Wazima, wanakula kama mchwa, juzi yule mdogo—

QUIRINO: Sikiliza, sista kanipa dakika tano tu. Bosi hajaja kuniona. Wiki ya tatu hii.

OTTAVIO: Ana mambo mengi.

QUIRINO: Mambo gani? Filamu ya pili imelala bila mimi. Wade Colter kwenye bango ni mimi.

OTTAVIO: Jina ni la bosi, kaka. Ulitia saini.

QUIRINO: Jina achukue. Na sura je?

OTTAVIO: Sura ipi? Ndevu, kofia mpaka puani. Na mbele ya kamera ukifungua mdomo unahesabu moja, mbili, tatu tu, mimi huku studio Roma ndiye naweka maneno.

QUIRINO: Wamepata mtu badala yangu.

OTTAVIO: [mkwaruzo] Hii laini mbovu—

QUIRINO: Ottavio.

OTTAVIO: Wamepata. Mtu wa sarakasi, wa Livorno.

QUIRINO: Basi usimpe sauti. Wakisikia sauti ngeni, ukumbi mzima utaguna, huyu siye. Nimebakiwa na hilo tu. Sijawahi kukuomba kitu, nakuomba.

OTTAVIO: Quirino—

QUIRINO: Mwambie bosi koo linauma. Mwezi mmoja, nitakuwa nimesimama.

OTTAVIO: Nilianza kumpa sauti Jumatatu.

QUIRINO: Mmefika wapi?

OTTAVIO: Kwenye onyesho la makaburini.

QUIRINO: Pale natembea peke yangu. Naburuta mguu wa kushoto kidogo. Hilo hawezi.

OTTAVIO: Anaburuta.

QUIRINO: Anakosea lakini. Wewe unanitazama mdomo kutwa, hudanganyiki. Anakosea, sivyo?

OTTAVIO: Usiniulize mimi, bwana.

QUIRINO: Nimuulize nani? Naumia, Ottavio. Siwezi hata kujigeuza kitandani.

OTTAVIO: Mama yako alikuja studio jana.

QUIRINO: Mama? Kufuata nini?

OTTAVIO: Kuulizia hali yako, barua hazifiki. Alikuta taa zimezimwa, filamu inaonyeshwa ukutani, yule wa Livorno anatembea. Akapiga magoti hapohapo. Anasema, ahsante Bikira Maria, mwanangu anatembea.

QUIRINO: [mkwaruzo] Ukamwambia.

OTTAVIO: Nilikuwa mbele ya maikrofoni, na bosi kasimama pale—

QUIRINO: Ukamwambia, Ottavio?

OTTAVIO: Alinibusu mikono. Kaenda kuwasha mshumaa. Wiki ijayo anawaleta shangazi zako wote wakuone.

QUIRINO: Mfuate nyumbani. Leo. Mwambie yule si—

OPERETA: Muda wenu umekwisha, Almeria.

QUIRINO: Dada, nusu dakika, ni mama yang—

OTTAVIO: Quirino? Haloo? Nimwambie nini mimi? Haloo?