Saksafoni Nyuma ya Ngoma

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba nifungie hilo dirisha nisikohoe, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha jambo moja tu. Nyumba ni yenu wote, msiniletee ugomvi wa vyumba. Mashine ya santuri nampa kitinda mimba, ingawa kwa mikono yake ile mizito, jamani, sindano haimalizi mwezi.

Sasa zile santuri mbili za jazi, za onyesho tulilorekodi ukumbini, mimi nikiwa fundi mitambo na baba yenu mdogo akipuliza saksafoni. Ile yenye karatasi ya njano kila mtu anayo, na wajuzi wanaisifia usafi wake. Iwekeni upande wa pili, mtege sikio nyuma ya ngoma: mtasikia saksafoni kwa mbali, kana kwamba mtu anaipiga kwenye nyumba ya jirani. Siku zote mnasema ni kasoro ya kiwandani, nami nanyamaza. Si kasoro. Niliizima sauti ya baba yenu mdogo kwa mkono wangu huu wakati wa kuchanganya sauti, ila maiki za ngoma zilikuwa zimeshamnasa, hakufutika.

Kisa nini? Jukwaani aliwashukuru wote, hata mkata tiketi, akanisahau mimi kaka yake. Basi! Ujinga mtupu. Alipouliza, nikamwambia alipiga ovyo na kwamba nimemfichia aibu. Akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea, akaifungia saksafoni sandukuni, na miaka thelathini hajaigusa. Inaniuma, wanangu, inaniuma kuliko hiki kifua.

Hii ya karatasi nyeupe niliichanganya upya, roho ikinisuta, nikachongesha santuri moja tu, kisha nikakosa ubavu wa kumpa. Humu anasikika wazi, hadi anavyovuta pumzi, na ukumbi mzima hakuna aliyempita siku ile. Nilipanga mumpelekee mkishanizika, ili nikwepe macho yake. Woga gani huo! Na mwenyewe yupo hapo sebuleni tangu asubuhi, anawakataza watu kelele eti nipate kulala.

Mungu awape wepesi wa kuombana radhi, awaepushe na kiburi changu, awa... ngojeni. Maji. Haya. Niinueni kidogo, niegemezeni ukutani... hapo hapo. Wekeni ile nyeupe, fungulieni sauti yote.

Mwiteni mdogo wangu. Nitamwambia mwenyewe.